Stripu za mkojo za vibandiko 10 kwa watoto: uzoefu wangu Malindi

Stripu hizi nazipa nyota nne. Kichupa kina stripu 100, na kwa figo za mtoto mdogo ninavyoviangalia kwanza ni vibandiko viwili: protini na damu.

Adui mkubwa huku kwetu ni unyevu wa bahari. Kichupa kikikaa wazi foleni nzima ya asubuhi, kibandiko cha nitraiti (dalili ya vijidudu kwenye mkojo) hugeuka waridi chenyewe, na mtoto asiye na neno anaandikiwa dawa za bure. Toa stripu moja, funga papo hapo. Kikae penye joto lisilozidi nyuzi 30, lakini si kwenye friji.

Mkojo uwe wa kwanza baada ya kuamka, ukinge wa katikati (mwanzo umwagike kwanza), kwenye kopo kavu. Kopo lililobaki na dawa ya klorini huonyesha damu isiyokuwepo. Kwa mtoto wa nepi, mfuko wa kubandika unafaa kwa stripu tu. Kuotesha vijidudu maabara hapana, ngozi huuchafua mkojo huo.

Pima ndani ya saa moja. Tikisa kopo taratibu, chovya stripu mara moja na uitoe, pangusa ukingo kwenye mdomo wa kopo, kisha ilaze ili rangi zisichuruzikiane. Protini na damu husomwa sekunde ya 60, chembe nyeupe za damu sekunde ya 120. Zaidi ya hapo usisome kitu. Soma kwa mwanga wa mchana, maana taa ya manjano huharibu rangi ya protini.

Protini ya alama moja ya kujumlisha (+, yaani 30 mg/dL) isikutie hofu. Homa au kukimbia huileta, na wapo watoto wanaoitoa wakiwa wamesimama tu, kwa hiyo rudia na mkojo wa asubuhi. Alama tatu pamoja na kope zilizovimba ni hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiona damu, uliza mtoto anaoga wapi: pwani hii kichocho kipo. Mayai yake hutafutwa kwenye mkojo wa kati ya saa nne na saa nane mchana, hasa matone ya mwisho. Vidonge vya vitamini C navyo huficha damu.

Je, kila mtoto apimwe? Japani hupima wanafunzi wote tangu 1974; madaktari wa watoto wa Marekani waliacha kulipendekeza 2007. Mimi nampima mwenye sababu: uvimbe, homa isiyo na chanzo, mkojo mwekundu au presha.

Nyota ya tano imepotea kwenye kifuniko: kwa mikono yenye glavu hakifungiki vizuri.