Ziara ya miguu ya Mtakatifu José de Calasanz, Roma: nyota 4, moja nimebaki nayo

Kama unaenda Roma na foleni za Vatikano zimeshakuchosha, tafuta ziara ya miguu inayopita kwenye nyayo za José de Calasanz, yule padri Mhispania aliyeanzisha shule ya bure kwa watoto maskini mwaka 1597. Kampuni iliyotutembeza siitaji maana nina neno nayo, ila ziara yenyewe aisee ni tamu.

Mnaanzia mtaa wa Trastevere, kanisa la Santa Dorotea. Liko kimya tu hapo, ukizubaa unalipita. Paroko wa hapo ndo alitoa vyumba, watoto wa mtaani wakaanza kufundishwa kusoma, kuandika na hesabu, ada hakuna. Mwongozaji wetu hapa alikuwa moto kweli, akatupa stori jinsi jamaa alivyoingia Roma 1592 akihangaikia cheo cha kanisani arudi nacho kwao, akaishia kufagia madarasa na kuchonga kalamu za manyoya za wanafunzi, mara siku moja kapanda afunge kengele ya shule kaanguka kavunjika mguu. Mi kilichonikaa ni kwamba walimu waliwasindikiza watoto mpaka makwao wakitoka darasani. Yaani karne hiyo!

Halafu mnavuka Ponte Sisto, mnakatiza Campo de' Fiori mpaka San Pantaleo, karibu na Piazza Navona, shule ilihamia hapo 1612. Mwili wake uko chini ya altare kuu, na kwenye nyumba ya mapadri wametunza vyumba vyake pamoja na moyo na ulimi wake, kwa hiyo kama vitu hivyo vinakusumbua jiandae kabisa. Vaeni raba, yale mawe ya barabarani hayana huruma.

Sasa neno langu. Kufika kwenye miaka yake ya mwisho mwongozaji akaanza kukimbia. Kwamba 1642 mzee alikamatwa akapitishwa barabarani mchana kweupe, 1646 Papa Innocent X akalishusha hadhi shirika lake la mapadri walimu wa hizo shule, kila nyumba ikawa chini ya askofu wa mahali pake, 1648 akafariki, 1669 shirika likarudishiwa hadhi yote, 1767 akawa mtakatifu, basi. Sababu? "Wivu wa watu." Nikamuuliza, na Stefano Cherubini je? Maana huyo alikuwa mkuu wa shule ya Naples, akatuhumiwa kuwadhalilisha wanafunzi, Calasanz akajua, badala ya kumtoa hadharani akamwondoa shuleni kwa kumpandisha cheo ili jina la shirika lisichafuke, na huyohuyo 1643 akaja kuliongoza shirika lenyewe. Barua za mzee mwenyewe zipo. Nikajibiwa muda umeisha, wakati tulikuwa tumesimamishwa njiani muda mrefu tu kula aiskrimu.

Sisemi asingeitwa mtakatifu, hiyo si kazi yangu, na shule aliyoianzisha hakuna wa kumnyang'anya. Ila nimelipia kusikia habari zake, mnikatie nusu ya uzito kwa nini? Mzazi anayesafiri na vijana wake angependa na hiyo sehemu isemwe, kwa lugha ya staha tu.

Hedifoni nazo zinakatakata, kaa karibu na mwongozaji. Na swali la Cherubini liulize mkiwa bado Trastevere, kabla muda haujaanza kuisha.