Bafu la nyumba ya kale Lamu: neru au vigae?

Ukitengeneza upya bafu la nyumba ya mawe mtaani Mkomani, swali la kwanza ni kuta: chokaa iliyosuguliwa kwa neru, yaani lipu laini ya chokaa ya kumalizia, au vigae?

Vigae vina mvuto wake. Fundi anamaliza kwa siku chache, na ukungu unafutika kwa kitambaa. Kwa nyumba mpya ya matofali ya saruji sina ubishi, bandika.

Ila ukuta wa kale ni wa mawe ya matumbawe, na mawe hayo hunywa maji ya ardhini pamoja na chumvi. Chokaa hupumua, unyevu ukatoka polepole. Ukiuziba ukuta kwa saruji na vigae, unyevu hukwama, chumvi hujikusanya nyuma na kusukuma, mwishowe kigae kinaanguka na kipande cha lipu. Bafu la ghorofani nalo lina hesabu ya uzito: sakafu inabebwa na boriti za mikoko, na maji yakivuja, boriti huoza kimyakimya.

Neru ina adha zake. Hukauka taratibu, na fundi anayeijua hapatikani kila kona.

Mimi ningetia neru kutani, vigae nikaviacha kwenye ukuta mmoja wa ndani unaorukiwa maji. Birika la zamani, lile tangi la maji lililojengewa bafuni, usilivunje hata ukiweka shawa. Tia samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, kama walivyofanya mabibi zetu. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001, kaulize watu wa makumbusho kabla fundi hajainua nyundo.