Nilikodi vifaa Moshi kupanda Kilimanjaro mwezi wa sita: nyota tatu, na sababu zake

Masika yalikuwa yamekwisha, lakini huko juu ni kama hakuna aliyewaambia. Asubuhi niliyofika Moshi wingu lilifunguka kidogo, Kibo ikatokeza nyeupe kuteremka chini kuliko nilivyozoea kuiona kwenye kalenda. Mimi ni mtu wa Temeke, sweta langu la maana ni la shule. Nikaingia duka la kukodisha vifaa, nikatoa orodha.

Buti sikukodi. Nilizipata mtumba Karume, nikazivaa mwezi mzima kazini hadi wenzangu wakaniita mwanajeshi. Buti usiyoijua mguuni haifai kwenda nayo safari ya siku sita, hata ukipewa bure.

Begi la kulalia nalipatia nyota zote. Kijana wa dukani alilifungua mbele yangu, akavuta zipu mwanzo mwisho, akaniambia ninuse. Halikunuka. Pale kambi ya Horombo, mita 3,720, nililala humo na simu, betri za tochi na soksi mbichi, na asubuhi vyote vilikuwa vizima.

Sasa geta, zile za turubai zinazofunika kuanzia kiatu hadi chini ya goti ili theluji isiingie. Mkanda wa moja, ule unaopita chini ya soli, ulikuwa umeliwa nusu na kushonwa kwa uzi. Nikamwonyesha yule kijana. "Hiyo inashika, kaka, imepanda mara nyingi." Kupanda mara nyingi ndiko kulikoufikisha hapo, lakini nilikuwa na haraka, nikachukua.

Na yale meno ya chuma ya kuvalisha buti kwa chini ili usiteleze? "Hutayahitaji." Miezi mingine huenda ni kweli. Mwongozaji wangu (mlimani wanamwita gaidi, kutoka "guide" ya Kiingereza, usishtuke) alikuwa amesisitiza niyabebe, nikamsikiliza yeye.

Tulitoka Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa sita usiku. Changarawe ilikuwa imeshikana kwa baridi, inakanyagika vizuri. Mpira wa kunywea maji uliganda mapema. Chupa niliyoilaza kichwa chini ndani ya soksi ndiyo iliyoniokoa, maana barafu huanzia juu, nawe unafungua upande wenye maji. Tulipofika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, theluji ikawa njia nzima, na kabla ya Stella Point ule mkanda ukakatika. Geta ikapanda juu kama sketi. Theluji ikaingia kwenye buti, ikayeyuka, na baada ya dakika chache vidole vilikuwa si vyangu tena. Mwongozaji akapiga magoti, akavua glavu, akatoa kamba ya kiatu mfukoni, akaipitisha chini ya soli na kuifunga mafundo mawili. Mikono mitupu, kwenye upepo ule. Niliona aibu.

Kilele cha Uhuru nilifika, mita 5,895, na simu ikazima kabla ya picha ya pili. Kurudi ndipo meno ya chuma yalipofanya kazi: theluji iliyokanyagwa na waliotangulia ilikuwa inateleza kama vigae vyenye sabuni. Nilitembea. Jamaa mmoja mbele yangu alikuwa anashuka kwa makalio.

Kosa langu mwenyewe ni miwani ya mtaani. Jua likipiga theluji linakurudia kutoka chini pia, na jioni macho yaliniwasha kama nimemenya gunia la vitunguu. Chukua miwani ya giza inayoziba hadi pembeni.

Dukani walinirudishia pesa ya geta bila ubishi, hilo nawasifu. Kisha kijana akaitundika kwenye msumari ule ule. Ukiingia ukakuta geta ya kijani imefungwa kamba nyeusi ya kiatu kwa chini, hiyo ndiyo yenyewe.