Kucha za Miguu Uzeeni: Saluni, Koleo na Muuguzi, Uzoefu Wangu Hapa Amu

Kwa mtu aliyevuka miaka sabini, kukata kucha za miguu si jambo dogo kama linavyosikika. Mgongo haukunjiki, macho hayakioni vizuri kidole kilicho mbali na uso, na ukucha wenyewe umekuwa mnene kiasi kwamba kile kikata kucha cha kawaida, cha kubana kwa vidole viwili, hakifungui mdomo wa kutosha kuupokea. Mimi na mke wangu tunaishi mtaa wa Langoni, mjini Amu, yaani Lamu, na tumetumia karibu kila njia inayopatikana hapa. Naandika kwa ajili ya wazee wenzangu na kwa watoto wanaotuhudumia, na maoni yangu nayatanguliza: pesa iliyonifaa kuliko zote ni ile niliyomlipa muuguzi, kwa sababu yeye huutazama mguu kwanza, kisha ndipo anapoushika.

Ni vyema nieleze hali ya miguu yenyewe, maana miguu miwili ya nyumba moja inaweza kuhitaji huduma tofauti kabisa. Ukucha wangu unaosumbua ni wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Miaka mingi iliyopita punda aliyebeba mawe ya ujenzi alinikanyaga katika kichochoro ambacho mtu na punda hawawezi kupishana, na waijuao Amu wanaelewa kwamba hapo huna pa kukimbilia isipokuwa kujibanza ukutani. Ukucha ulitoka wote. Uliota mwingine, lakini ulikuja mnene, wa manjano, na kadiri miaka ilivyopita ukapinda kuelekea kidole cha pili kama pembe ya kondoo dume. Shina la ukucha likishaumia, mara nyingi ukucha hauoti tena kama ulivyokuwa. Mke wangu kucha zake ni nyepesi kuliko zangu, ila ana ugonjwa wa sukari wa muda mrefu, na kwake hatari iko katika nyama inayouzunguka ukucha.

Wembe siupendekezi kwa mzee yeyote. Najua wapo wanaoutumia tangu ujanani na mikono yao ni mepesi, lakini wembe huteleza juu ya ukucha mnene, na ukiteleza huingia nyamani.

Saluni nilikwenda kwa kushawishiwa na binti yangu, ambaye alisema kwamba siku hizi wanaume pia wanakwenda na hakuna anayeshangaa. Sina budi kusema haki: kiti kilikuwa kizuri, maji yalikuwa ya uvuguvugu, na yule msichana aliyenihudumia alikuwa na adabu. Alinisugua magaga mpaka visigino vikawa laini, akaniambia, "Tulia babu, sikuumizi." Kwa kusugua na kuosha, huduma ile ilistahili bei yake. Tatizo lilikuja kwenye kukata. Vyombo alivitoa katika gilasi ya maji ya dawa, ambamo alikuwa ameviweka dakika chache tu baada ya kumaliza na mteja aliyenitangulia, na hakuniuliza kama nina sukari wala kama natumia dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Kisha akachukua kijichuma chenye ncha, akazichimba pembe za ukucha na kuzikata kwa mviringo ili zipendeze. Baada ya siku chache pembe moja ilivimba ikawa nyekundu. Ukucha ukikatwa kwa mviringo hadi ndani, mara nyingi hubaki kijipande chembamba ambacho mkataji hakioni, na kinapokua husonga mbele kikiichoma nyama. Ndiyo maana ukucha wa mguu hukatwa kwa mstari ulionyooka, ukaachwa ulingane na ncha ya kidole, na pembe zikapunguzwa ukali kwa tupa tu.

Kuhusu usafi wa vyombo, virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kuchovya chuma katika maji ya dawa kwa muda mfupi hakutoshi. Hospitalini vyombo huchemshwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzijoto 121, kwa dakika 15. Saluni nyingi hazina mtambo huo, na sizilaumu, kwani ni ghali. Anayependa saluni na aende, lakini abebe vyombo vyake mwenyewe mfukoni, aombe kusuguliwa na kuoshwa tu, na kucha azikate nyumbani.

Sasa nije kwenye koleo, ambalo ndilo chombo nilichokipenda zaidi. La kwanza nililinunua kwa bei ya chini sokoni, na halikuwa na maana. Midomo yake haikukutana sawasawa, kwa hiyo badala ya kukata liliutafuna ukucha na kuuacha na nyufa. La pili mwanangu alilileta kutoka Mombasa, chuma kisichoshika kutu, urefu wake unazidi kiganja kidogo, lina springi mbili zinazolifungua lenyewe kila unapolegeza mkono, na midomo yake ni mifupi na minene. Tofauti ya bei ni kubwa, lakini tofauti ya kazi ni kubwa zaidi. Kabla ya kununua, lifunge koleo, uliinue kwenye mwanga, na uangalie kama mwanga unapenya baina ya midomo. Ukipenya, lirudishe. Jaribio la pili ni kukata karatasi nyembamba kwa ncha yake. Koleo zuri huikata karatasi bila kuivuta.

Ukucha mnene haukatwi kwa mkupuo mmoja. Anayekata huanza pembeni kwa ncha ya koleo, akaondoa vipande vya milimita moja au mbili, akisogea taratibu hadi upande wa pili. Anayejaribu kuukata wote kwa nguvu moja huupasua hadi karibu na shina. Mimi hukata baada ya kuoga, ukucha ukiwa umelainika, mguu nikiuweka juu ya kigoda karibu na dirisha, na huvaa miwani hata kama nakata kwa kupapasa, kwa kuwa vipande vikavu huruka kwa kasi ya kushangaza. Kuna siku kimoja kilinigonga kwenye kioo cha miwani nikakisikia mlio wake. Baada ya koleo hufuata tupa, ikipitishwa upande mmoja tu, si kwenda na kurudi, ili ukucha usimeguke. Mafundisho ya dini yetu yanatutaka tusiziache kucha zipite siku 40, na kwa ukucha kama wangu huo ni muda mrefu mno. Ukucha wa mguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, na uzeeni huenda polepole zaidi, lakini wa kwangu hukua kwa unene kuliko kwa urefu, nao ukishainuka huanza kugusana na ukanda wa makubadhi.

Unene huo ndio ulionipeleka kwenye krimu ya urea. Katika maduka ya dawa zipo za viwango mbalimbali. Za asilimia 10 hadi 25 ni za magaga na ngozi kavu, ilhali ile ya asilimia 40 ndiyo inayolainisha ukucha wenyewe. Usiku nilipaka mafuta ya mgando kwenye ngozi inayouzunguka ukucha ili isiungue, nikapaka krimu juu ya ukucha peke yake, nikafunika kwa kipande cha plastiki na kuvaa soksi. Matokeo hayakuja haraka. Ilichukua wiki kadhaa kabla ya tabaka la juu kuwa laini kiasi cha kukwanguka kwa tupa, na ukiacha kupaka, ugumu hurudi. Kulala na soksi katika joto la Amu wakati wa kaskazi ni adhabu ambayo sikuitarajia. Hata hivyo krimu hii naipa alama nzuri, mradi isipakwe baina ya vidole, ambako unyevu ni adui.

Mashine ndogo ya betri ya kusagia kucha tuliinunua na sasa haitumiki. Inapunguza unene kweli, lakini inatoa vumbi jingi linalohitaji barakoa, na ukiikandamiza ukucha hupata moto. Mtu mwenye ganzi miguuni hataujua moto huo mpaka aungue.

Muuguzi tulimpata kupitia kliniki ya sukari ambayo mke wangu huhudhuria. Baada ya zamu zake hukubali kuja nyumbani kwa miadi, na malipo yake yanazidi kidogo yale ya saluni. Siku ya kwanza hakugusa koleo kwa muda mrefu. Alipapasa mapigo ya damu juu ya mguu, akafungua vidole kimoja kimoja na kutazama katikati yake, akageuza nyayo kwenye mwanga. Kisha akatoa kijiti chenye uzi wa nailoni uliotengenezwa ili upinde unapokandamizwa kwa uzito wa gramu 10, akasema, "Bibi, funga macho. Kila nikikugusa, sema naam." Mke wangu akasema naam kwa kisigino, akasema naam kwa katikati ya mguu. Uzi ulipofika chini ya kidole gumba, niliuona umepinda kabisa dhidi ya ngozi yake, naye amekaa kimya, macho yamefumbwa, akingoja kuguswa. Tangu hapo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kumkata kucha, hata mimi mwenyewe na koleo langu zuri.

Ushauri alioutoa siku hiyo ulikuwa na thamani kuliko kukata kwenyewe. Maji ya kuoshea miguu yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu, kwa kuwa mguu wenye ganzi haujui moto, wala miguu isilowekwe kwa muda mrefu. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana punje moja ya kokoto hutosha kufanya kidonda. Na sisi tunaotia udhu mara tano kwa siku tukaushe baina ya vidole kwa kitambaa cha peke yake. Kwa kweli alimkuta mke wangu na kuvu katika ngozi ya baina ya vidole viwili vya mwisho, iliyokuwa nyeupe na imelowa, akamshauri krimu ya klotrimazoli.

Jambo lililoleta mjadala nyumbani ni hina. Muuguzi alitaka kuona rangi ya ukucha chini yake, na hakuona kitu, kwa sababu kucha zote kumi zilikuwa zimekolea. Alieleza kwamba rangi ya ukucha humwambia mengi: weupe usio wa kawaida, damu iliyovilia chini ya ukucha, au mstari mweusi unaopanuka, ambao daktari lazima auone kwani huweza kuwa saratani. Mke wangu naye ana hoja yake. Rangi ya saluni huzuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha, hina haizuii, na mwanamke wa Amu hawezi kuhudhuria harusi na miguu mitupu. Walikubaliana kwamba vidole gumba viwili viachwe wazi na vingine vipambwe atakavyo. Piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba iliyochanganywa na dawa ya kutia nywele weusi, muuguzi aliikataza kabisa, kwa kuwa huweza kutoa malengelenge.

Kuhusu ukucha wangu mimi, muuza dawa mmoja alikuwa tayari kuniuzia vidonge vya terbinafini kwa kuutazama tu, akisema ni kuvu. Muuguzi alisisitiza nipelekwe maabara kwanza. Ukucha ulikwanguliwa, ukapimwa, na hakukuwa na kuvu. Karibu nusu tu ya kucha zilizonenepa na kubadilika rangi ndizo zenye kuvu, nyingine ni majeraha ya zamani kama langu, viatu vinavyobana, au magonjwa ya ngozi. Kama ingekuwa kuvu, ningemeza kidonge cha miligramu 250 kila siku kwa wiki 12, ini langu likipimwa kwanza, na hata hivyo ningengoja karibu mwaka au zaidi kabla ya ukucha safi kuota wote.

Huduma hii ina kasoro. Muuguzi ni mmoja na wagonjwa ni wengi, miadi huahirishwa, na wakati wa Maulidi, mji unapofurika wageni, usimtarajie. Kuna siku alikuja akagundua kwamba pakiti ya vyombo vyake imefunguka njiani, akakataa kukata na kuondoka. Nilikasirika siku ile. Sasa ndiyo sababu mojawapo ya kumwamini.

Mpango tulionao ni kwamba mke wangu hukatwa na muuguzi peke yake, na mimi hukatwa naye kila baada ya miezi kadhaa, na katikati hapo najihudumia kwa koleo na krimu. Wanaotumia warfarini au dawa nyingine ya kuifanya damu iwe nyepesi, wenye sukari, na wenye miguu baridi isiyo na mapigo mazuri wasijaribu utaratibu wangu bila kuonwa kwanza. Koleo lioshwe kwa sabuni na brashi, lipanguswe kwa spiriti ya asilimia 70, likaushwe na kutiwa tone la mafuta kwenye springi, maana hewa ya chumvi ya hapa haiheshimu hata chuma kinachouzwa kwa jina la kutoshika kutu. Kila mtu awe na lake. Langu nimelifungia kabatini tangu nilipomkuta mjukuu akilikatia mshipi wa kuvulia samaki.