Miezi minne na barua pepe ya kazini kwenye simu

Mie ni karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha, si mbali na bandari ya Kilindini, Mombasa, na nyumbani ni Likoni, ng'ambo ya maji. Nusu ya maisha yangu ni kusubiri feri. Ndiyo maana nilitaka barua pepe ya ofisi iingie kwenye simu. Taarifa ya meli kufika inaweza kuja saa kumi na moja jioni niko kwenye foleni, na kontena likipitisha siku zake za bure bandarini, gharama ya kuhifadhi huanza kuhesabiwa.

Kampuni inayotuuzia huduma hii (anwani zenye jina la ofisi, malipo kwa mwaka) ilinitumia maelezo ya ukurasa mmoja. Nikafungua programu ya barua iliyokuja na simu, nikaandika anwani na nenosiri. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Kichwa changu kigumu, nadhani nilijaribu mara kumi, na muda wote huo nimo kwenye waifai ya ofisi. Mara mwenzangu wa meza ya pili: "Jamani, mbona barua zangu haziendi?" Za mhasibu nazo haziendi.

Kumbe seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotunza barua zetu, ikiona nenosiri limekosewa mara nyingi kutoka sehemu moja, hudhani ni mwizi anajaribu funguo, hufunga mlango. Na kwa macho yake, wote tuliomo kwenye waifai ile ni mtu mmoja. Niliifungia ofisi nzima barua kwa karibu saa moja, siku ya Ijumaa, na bosi yuko.

Kijana wa huduma kwa wateja alinisaidia kwa upole, lazima niseme. "Dada, zima waifai, tumia bando. Haya, kwenye jina la mtumiaji umeandika nini?" Nilikuwa nimeandika jina langu tu, kama ninavyoingia kwenye kompyuta. Inatakiwa anwani nzima. Nikaandika nzima, bado! Kibodi ya simu ilikuwa inaniongezea nafasi tupu mwishoni, haionekani kwa macho. Nilipoifuta, ikakubali pale pale.

Mengine yalikuwa mepesi: kupokea kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa bado kwenye seva), namba ya lango (port) 993, kutuma, namba 465, zote mbili kwa SSL, yaani zikifichwa njiani zisisomwe na mwingine. Tia alama pia pale panapotaka jina na nenosiri wakati wa kutuma, la sivyo utapokea lakini hutatuma.

Nikadhani nimemaliza. Jioni moja juu ya feri nikaona barua ya wakala wa meli, nikasema nitaisoma vizuri nikishavuka. Nikavuka, haipo. Kesho yake hivyo hivyo. Nilianza kushuku vidole vyangu. Tatizo lilikuwa kompyuta yangu ya ofisini, ambayo siizimi: iliwekwa zamani kwa POP, njia ya kuzishusha barua kwenye kompyuta yenyewe, na kila baada ya dakika chache ilikuwa inazichota barua zote na kuzifuta kwenye seva. Simu, kwa kuwa ni IMAP, huonyesha kilichoko kwenye seva tu. Dawa ni kuihamishia kompyuta kwenye IMAP pia, au angalau kutia alama kwenye "acha nakala kwenye seva". Ule ukurasa wao haukugusia jambo hili hata kwa neno moja, na hapo ndipo ninapowakata nyota mbili.

Kwa hivyo tatu kati ya tano. Huduma yenyewe haijanikwama tangu hapo. Viambatisho nimevizuia visijipakue vyenyewe, maana stakabadhi za mizigo zilizopigwa skani zinakula bando kama moto, na arifa nimezizima baada ya saa mbili usiku. Bosi hajui.

Juzi mhasibu ameniomba nimwekee na yeye. Kabla sijaandika herufi hata moja, nilizima waifai ya simu yake.