Kitenzi "get" katika kamusi ya COBUILD: tathmini ya mtumiaji

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea tafsiri iliyokuwa na sentensi hii: "Alimpata kaka yake kusaini karatasi." Kiingereza chake kilikuwa "She got her brother to sign the papers", na kosa halikutokana na uvivu, kwani alikuwa amefungua kamusi ya lugha mbili, akakuta neno "pata" limetangulia mbele ya "get", akaliamini. Mstari uliofuata ulikuwa mgumu zaidi kuusoma, kwa sababu "I got my hair cut" ilikuwa imegeuka "Nilipata nywele zangu kukatwa", ilhali sisi husema tu kwamba mtu amenyoa au amenyolewa. Siku hiyo nilimwekea mezani kamusi ya COBUILD, ambayo nimeitegemea muda mrefu katika kutafsiri na kufundisha. Hapa naipima kwa kitenzi hicho kimoja tu, maana ni vigumu kupata kipimo kikali zaidi cha kamusi ya Kiingereza.

Kamusi hii ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1987, ikiwa tunda la mradi ulioongozwa na John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa ushirikiano na wachapishaji wa Collins. Wahariri walikusanya mamilioni ya maneno ya Kiingereza kilichoandikwa na kilichosemwa, wakayaingiza kwenye kompyuta, kisha wakachunguza kila neno huandamana na maneno gani na hutumika zaidi kwa maana ipi. Kwa sababu hiyo maelezo ya "get" hayaanzi pale ambapo wengi wetu tungetarajia. Kinachotangulizwa ni kubadilika kwa hali, yaani "get" inayofuatwa na kivumishi, na maana za kupokea, kununua na kujipatia kitu huja baadaye.

Mpangilio huo una faida kubwa kwa msomaji wa Kiswahili. Ukiandika orodha ya mifano ya kundi hilo la kwanza na kuweka Kiswahili pembeni, utaona kwamba "get old" ni kuzeeka, "get angry" ni kukasirika, "get tired" ni kuchoka, "get drunk" ni kulewa, na hakuna hata mmoja unaodai "pata". Endelea kwenye "get hurt", "get broken" na "get caught", nazo zinakuwa kuumia, kuvunjika na kukamatwa. Kisha mwingize mtu anayesababisha jambo, na "get" ile ile inakuhamisha kutoka lewa hadi lewesha, kutoka kasirika hadi kasirisha, kutoka vaa hadi visha, kwa kuwa "get the children dressed" ni kuwavisha watoto. Kazi ambayo Kiingereza kimembebesha mtumwa mmoja, Kiswahili kimeigawa kwa viambishi vya mnyambuliko mwishoni mwa vitenzi vingi. Nimefundisha miaka mingi kabla ya kuliona jambo hili waziwazi, na naamini nisingeliona kama maelezo yangeanza na kupata.

Kiswahili nacho kina vitenzi vya namna hiyo, na si haki kumcheka Mwingereza. Anayejifunza lugha yetu hukutana na kupiga simu, kupiga pasi, kupiga mswaki na kupiga kura, akajiuliza nani amepigwa. Hata "pata" yenyewe haitulii mahali pamoja, kwani kisu kinachopata ni kisu chenye makali, na yapata miaka kumi si miaka ambayo mtu ameipokea.

Sifa ya pili ya COBUILD ni fasili zake, ambazo huandikwa kwa sentensi kamili. Badala ya kumkabidhi msomaji kisawe kimoja, humweleza kwa mtindo wa mazungumzo kwamba ukimfanya mtu atende jambo fulani, kwa kumwomba au kumshawishi, basi unatumia neno hili kwa namna hii. Mwanafunzi wangu alishuka na kidole ukurasani hadi alipofika kwenye mfano wenye mtu, kisha "to", kisha kitenzi, akainua kichwa na kusema, "Mwalimu, kumbe alimshawishi." Akaandika "Alimshawishi kaka yake atie saini." Baadaye akauliza kwa nini "made her brother sign" haihitaji "to" ilhali "got" inaihitaji, na jibu lilikuwa pale pale, katika safu nyembamba ya alama za kisarufi iliyochapwa kando ya maelezo katika toleo la kwanza. Safu hiyo huchosha macho mwanzoni, lakini atakayeizoea hatatamani kamusi isiyo nayo.

Jambo jingine ninalolithamini ni tahadhari kwamba "get", katika matumizi yake mengi, ni neno la mazungumzo ya kawaida. Anayeandika barua rasmi ya Kiingereza huambiwa hivyo mapema, naye anaweza kuchagua "receive", "obtain" au "become" kabla barua haijaondoka. Vilevile, mwanafunzi yeyote anahitaji kuelezwa kwamba "I've got a car" humaanisha nina gari, na kwamba Wamarekani wana "gotten" kwa ajili ya nimelipata, tofauti ambayo Waingereza wa leo hawaionyeshi kwa umbo la kitenzi.

Upungufu upo. Maelezo ya "get" ni marefu mno, na mtu anayetafuta "get over" kwa maana ya kupona, au "get away with" kwa maana ya kutenda kosa na kukwepa adhabu, hulazimika kupita maana nyingi kabla ya kufika kwenye misemo hiyo. Fasili za sentensi kamili hula nafasi na hurudia maneno yale yale. Zaidi ya yote, kamusi imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, kwa hiyo anayeanza kabisa hataifaidi, na hata aliyekwisha kupiga hatua atahitaji kamusi ya lugha mbili karibu yake, mradi aifungue ya pili.

Maelezo ya COBUILD hupatikana pia bila malipo katika tovuti ya kamusi za Collins, nayo yanatosha kwa mtu anayetafuta neno moja kwa haraka. Kwa "get", hata hivyo, ningemshauri mwanafunzi atafute nakala ya karatasi, ikiwezekana ya matoleo ya mwanzo yenye safu ya sarufi, kwa sababu kwenye simu maana hizi hupita moja moja, ilhali kitabuni anaweza kuweka kidole kwenye "get" ya kubadilika hali na kingine kwenye "get" ya kushawishi, akazilinganisha.