Fundi alisema maiki imekufa, na maiki ilikuwa nzima

Nawaandikia wenye simu za Android hapa Tanga, hasa akina mama wenzangu ambao kazi zetu haziruhusu kushika simu kila saa. Msaidizi wa sauti, yule wa kwenye simu unayemwagiza kwa mdomo, akigoma kuitika, msikimbilie kwa fundi kabla hamjasoma hapa. Mimi nilikimbilia, Ngamiani, kwenye barabara mojawapo ambayo siitaji, na nilichokutana nacho mpaka leo kinanichoma.

Napika vitumbua na mandazi ya kuuza, Makorora. Alfajiri mikono imezama kwenye unga, mafuta yanachemka, na wateja wa maofisini wanataka kujua mzigo utafika saa ngapi. Basi namwita msaidizi kwa mdomo tu, kwa Kizungu changu cha kuokoteza: nipigie fulani, nihesabie dakika kumi. Anafanya. Amenifaa sana, hilo silikatai. Halafu wiki moja hivi simu ikajisasisha yenyewe usiku, na tangu hapo nikimwita, kimya. Nasogea karibu, kimya. Napandisha sauti, kimya vilevile.

Nikaipeleka kwa fundi. Akaisogeza mdomoni, akasema "haloo" mara moja, akaiweka mezani katikati ya vioo vilivyopasuka na mswaki wake wa kusafishia matundu. "Maiki imekufa, mama. 45,000, uiache mpaka kesho."

Nikamwambia, mwanangu, maiki haijafa. Nikamfungulia ujumbe wa sauti niliomtumia dada yangu wa Pangani asubuhi ileile kwa WhatsApp. Tukausikiliza pale pale, sauti safi, mpaka mafuta yanavyochacharika kwenye kikaango yanasikika. Sikuishia hapo. Nikabonyeza kitufe cha pembeni nikakishikilia, msaidizi akafunguka, nikamuuliza saa, akanitajia. Fundi anaona kwa macho yake. Maiki iliyokufa inasikiaje?

Akasema hiyo imebahatisha tu. Kisha, kibanda kimejaa watu, akaniambia: "Mama, haya mambo ni ya wanaojua Kizungu. Simu inashindwa na lafudhi yako. Wewe piga na pokea, inakutosha." Wawili watatu wakacheka. Na mmoja wao ni mteja wangu wa mandazi!

Jamani, Tanga hii? Mji tunaosifiwa kwa adabu na maneno matamu, kijana mdogo anamfundisha mtu mzima mbele za watu kipi kinamtosha? Simu nimeinunua kwa jasho langu. Nikaichukua nikatoka, na barabarani nilikuwa natetemeka kwa hasira.

Aliyenisaidia ni binti wa jirani, kamaliza kidato cha nne juzijuzi. Hakugusa skrubu hata moja. Alinieleza kuwa kuitika jina ni kazi ya kiprogramu kidogo ambacho hukaa macho muda wote kusubiri yale maneno ya kumwamsha. Simu ikiingia kwenye hali ya kuokoa betri, kiprogramu hicho kinaweza kuzimwa, ndiyo maana kwa kitufe anaitika na kwa mdomo haitiki. Kipimo ni hicho tu: akiitika kwa kitufe na kukusikia, maiki ni nzima, tafuta tatizo kwenye mipangilio. Na fundi nilikuwa nimeshampimia mbele ya macho yake!

Kwangu hali ya kuokoa betri ilikuwa imewashwa. Binti akaizima, akaingia kwenye programu ya msaidizi akairuhusu itumie betri bila kuzuiwa, akahakikisha ruhusa ya maiki ipo. Sauti yangu aliyoihifadhi msaidizi ili anitambue nayo ilikuwa imefutika, ikabidi niisajili upya kwa kurudia maneno inayoyataka. Akavua na kava, kwa sababu tundu la maiki liko chini na kava langu lilikuwa limejaa unga. Akanionyesha pia kile kitufe cha kufunga maiki ya simu nzima, kilichokuja na Android 12 mwaka 2021, ukiteremsha pazia la juu unakiona. Changu hakikuwa kimefungwa, ila cha mwenzako huenda kikawa ndicho. Na bando likiisha, msaidizi anaweza kuamka akashindwa kukujibu, hapo usimlaumu.

Nimtendee haki yule fundi: mwaka jana alinibadilishia kioo, na kioo hakijanisumbua hata siku moja. Kwa kioo ningesema nendeni, mkono wake mzuri na bei yake si mbaya. Lakini kila nikikumbuka kile kicheko... hapana. Hata kwa kioo msiende. Mtu anayekudanganya 45,000 huku ushahidi unalia mezani pake, simu yako ukimwachia mpaka kesho atafanya nini humo ndani?

Na huyo msaidizi mwenyewe nilitaka kumsifu, ila nikiandika hapa naona naye nina neno naye. Lafudhi yangu isingetajwa kabisa kama angekuwa ananisikiliza kwa Kiswahili. Simu hiyohiyo, kibodi yake, nikigusa alama ya maiki nikasema "niletee unga kilo tano," inaandika yote bila kukosea. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili kupo kwenye Android tangu 2017. Yeye nikimwambia "nihesabie dakika kumi" anababaika, mpaka nimgeuzie Kizungu. Wala msiniambie ninunue iPhone. Msaidizi wake, anayeitwa Siri, yupo tangu 2011 na Kiswahili hana. Watu wa pwani nzima hii, tunanunua simu kila mwaka, tuendelee kuazima lugha ili tupikie mandazi?

Kwa sasa ananiitika, nitaendelea naye. Fundi, kama unasoma hapa, unanijua. 45,000 yako sitoi, na msamaha nausubiri, uje uniombe mbele ya wale wale waliocheka.